Mmelifunga ziwa kwa mama wa beseni, mkaliacha wazi kwa mwenye kokoro

Leo siwaletei habari ya mkutano wala ya ziara ya mkubwa. Leo nasema neno langu mwenyewe. Ambaye litamkera anisamehe, au aje anijibu. Kipaza sauti kipo.

Kiangazi kilichopita, asubuhi moja, nilikuwa ufuoni upande wa Baraka. Upepo wa kusini ulikuwa umevuma usiku kucha, mitumbwi midogo yote imepandishwa mchangani. Ndani ya maji, pale yanapofika kiunoni, walisimama mama mmoja na binti yake. Walikuwa wameshika ncha za mustikere, chandarua cha kulalia, wakikikokota polepole kuelekea nchi kavu. Mama huyo alitoka kule milimani juu, alikimbia na watoto watano. Shamba la muhogo amelicha huko, ng'ombe wamekwenda, mume hajulikani alipo. Katika beseni lake mlikuwa na vitoto vya ndakala, vidogo kama punje za mchele, havijai hata viganja viwili.

Wakashuka watu watatu wa kulinda ziwa. Hawakuuliza kitu. Wakamwaga beseni mchangani, wakachukua mustikere, wakataka faini. Mama hakuwa na hata franka moja, basi wakachukua na beseni. Ninyi mnaoishi kambini mnajua beseni ni nini. Ni la kufulia, la kuogeshea mtoto, la kubebea mzigo wa watu sokoni ili upate chochote cha jioni. Ukimnyang'anya mkimbizi beseni, umemfungia duka lake.

Nilimsogelea na kipaza sauti. Nilitegemea atalia. Hakulia. Aliniuliza yeye mimi: «Weye wa redio, miye wamenikamata mchana kweupe. Wale wenye taa usiku, nani atawakamata?»

Usiku huo sikulala mapema. Mwezi haukuwapo. Nilipanda kwenye kilima nyuma ya nyumba nikaangalia ziwa. Nilihesabu taa hadi 17, kisha nikaacha kuhesabu. Ilikuwa katikati ya ile miezi ambayo tumeambiwa ziwa limefungwa. Na alfajiri nilikuta watu kama ishirini ufuoni wanavuta kokoro, kamba mbili ndefu, huku na huku, wakiimba. Hakushuka mlinzi hata mmoja.

Sasa nitasema jambo linalonihusu mwenyewe. Tangazo la kufunga ziwa lilipofika studioni, mimi ndiye niliyelisoma. Asubuhi, mchana na jioni, wiki nzima. Nililisoma kwa sauti nzuri, nikataja tarehe, nikataja adhabu. Sikuuliza hata mara moja: katika miezi hiyo mitatu, aliyekimbia vita atakula nini? Kwa hiyo lawama ya leo naianzia kwangu, ndipo niipeleke kwa wengine.

Kwanza nisieleweke vibaya. Mimi si mtu wa kusema ziwa lisifungwe. Wapo wanaosema hivyo, na watasoma maneno haya wakidhani mimi ni wao. Hapana. Nasema ufuo lazima ulindwe, na kiangazi ndicho wakati wake. Nitaeleza kwa nini, maana tangazo lile halikutueleza. Lilituamuru tu.

Ziwa letu Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu zaidi. Mtu akisikia hivyo hudhani samaki wamejaa hadi chini. Sivyo. Ukipita mita kama mia moja huku kaskazini, au kama mia mbili kule kusini, hewa ndani ya maji imekwisha. Samaki hawezi kuishi humo. Bahari yote hii tunayoiona, nyumba ya samaki ni tabaka la juu tu. Na katika tabaka hilo, chumba cha kuzalia na kulelea ni ukanda mwembamba kandokando ya nchi: mchanga, mawe, matete, na midomo ya mito.

Ndakala wa aina moja hutaga mayai huku huku karibu na mchanga, na watoto wake hukulia hapo kabla ya kwenda maji makuu. Aina nyingine hutaga mbali, lakini watoto wake nao husogea pwani kutafuta chakula. Kuhe, yule samaki mkubwa ambaye wazee wetu walimpikia mgeni wa heshima, baba na mama wote wawili huyalinda mayai na vitoto vyao karibu na ufuo. Ukipitisha kokoro juu yao, umechukua wazazi na watoto kwa mvuto mmoja. Wengine katika ukoo huo hubeba mayai mdomoni. Ukoo wa kuhe katika ziwa hili una aina zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Mungu alituwekea sisi, na jirani zetu.

Sasa tuje kwenye kiangazi. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, upepo wa kusini husukuma maji ya juu kuyaleta huku kaskazini. Kule kusini, maji ya chini hupanda kuziba nafasi, yakileta mbolea iliyolala vilindini. Upepo ukitulia, mwezi wa tisa na wa kumi, ziwa huyumba kama maji katika beseni uliloliinua kwa upande mmoja kisha ukaliachilia, na upande wetu nao hupata sehemu yake. Ndiyo maana wavuvi wazee husema samaki hufuata upepo. Hawakusoma chuo, lakini hawakukosea.

Lakini upepo huo huo una jambo la pili. Unavunja mitumbwi. Mwenye katamara kubwa na injini anaweza kwenda. Mwenye mtumbwi wa mti mmoja hawezi, na asiye na mtumbwi kabisa hana hata la kujaribu. Kwa hiyo kiangazi chote maskini wanabanwa pale pale ufuoni, penye maji ya kiunoni, penye chumba cha kulelea vitoto. Ndipo njaa na mazalio vinapokutana. Mtu akiona mama ana mustikere ndani ya maji mwezi wa saba, asifikiri amekutana na mkaidi. Amekutana na mtu ambaye upepo umemsukuma kutoka mbele na vita vimemsukuma kutoka nyuma.

Nchi nne zinachangia ziwa hili: Burundi, Tanzania, Zambia na sisi. Zilitia sahihi mkataba wa kulitunza kwa pamoja huko Dar es Salaam mwezi wa sita mwaka 2003, na ofisi ya Mamlaka ya Ziwa iko Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga upande wake tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Huku kwetu tumesomewa miezi ile ile. Ni haki iwe hivyo, kwa sababu samaki hana pasipoti. Karibu nusu ya maji ya ziwa hili iko upande wa Kongo. Wengine wakifunga na sisi tukiacha mlango wazi, tumewaibia mchana. Na kwa ndakala, ambaye maisha yake ni mafupi, miezi mitatu ya kupumzika si kitu kidogo.

Kuna hoja ninayoisikia sana, hata kutoka kwa watu waliosoma. Wanasema: «Samaki wanapungua kwa sababu ya hali ya hewa, si kwa sababu ya wavuvi. Kufunga ni kazi ya bure.» Nusu ya maneno hayo ni kweli. Mwaka huo huo wa 2003 wataalamu walichapisha katika jarida la Nature kwamba joto limeyafanya maji ya juu yakatae kuchanganyika vizuri na ya chini. Walikadiria kwamba uzalishaji wa chakula cha samaki ulikuwa umeshuka kwa kama asilimia 20, na kwamba hilo laweza kupunguza samaki kwa kama asilimia 30. Sawa. Lakini hebu tufikiri kama watu wazima. Mtu akiugua, unamwongezea mzigo kwa sababu ugonjwa haukutoka kwako? Ziwa lililodhoofika ndilo linalohitaji kupumzishwa zaidi. Hatuna uwezo wa kulipunguzia dunia joto kutoka Baraka au Mboko. Tuna uwezo wa kuitoa kokoro majini.

Basi, kama kufunga ni sawa, ugomvi wangu ni nini? Ugomvi wangu ni kwamba hamkulifunga ziwa. Mmefunga watu fulani.

Angalia nani anayekamatwa. Ni mama wa mustikere. Ni kijana mwenye ndoano tatu. Ni mzee mwenye mtego wa matete. Hao wanaonekana, wako karibu, hawana injini ya kukimbilia wala makuta ya kutoa. Sasa angalia nani asiyekamatwa. Kokoro moja ina kamba za mamia ya mita. Haifichiki mfukoni. Inahitaji watu ishirini kuivuta na saa nzima ya kazi, mchana au alfajiri, mbele ya kijiji kizima. Katamara zenye taa zinaonekana kutoka mlimani, nilikwisha kuwaambia kwamba nilizihesabu. Mtu asiniambie kwamba walinzi hawazioni. Kila mvuvi niliyezungumza naye bila kipaza sauti aliniambia neno lile lile: unalipa kwa huyu mwenye koti, unalipa kwa yule mwenye bunduki asiye na koti, na unapita. Majina siandiki hapa. Wahusika wanajijua, na wavuvi nao wanawajua.

Kwa hiyo katika miezi ya kufungwa, ziwa limegeuka kuwa la kulipia. Mwenye kulipa anavua, tena anauza kwa bei ya juu kwa sababu samaki wamekuwa haba sokoni. Asiye na cha kulipa ndiye anayehubiriwa habari za mazingira. Na mwisho wa mwaka itaandikwa kwamba operesheni ilikwenda vizuri, vyandarua vingi vilikamatwa. Mtoto wa ndakala aliyeponea beseni la mama ameishia ndani ya kokoro ya tajiri. Samaki amepona nini hapo?

Watanijibu: «Wewe mwandishi unatetea wavunja sheria. Tukimwachia mama mmoja, kesho watakuja mia, na mustikere mia zinamaliza ufuo.» Ni jibu zito, sitalipita pembeni. Ni kweli. Mustikere mia moja zinamaliza ufuo. Tundu lake ni dogo, halibagui yai wala kitoto. Tena vyandarua hivyo vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki na kwa vidudu vya majini ambavyo samaki anavila. Sisemi mama aachiwe avue na mustikere. Nasema, kabla hujaichukua mkononi mwake, uwe na kitu cha kuweka katika mkono huo. Sheria inayosema «usile hapa» bila kusema «utakula pale» itavunjwa usiku na mtu mwema kabisa, kwa sababu watoto wake wanalia.

Na mimi nageukia upande wenu, mama zangu na dada zangu wa kambini. Nisipowaambia ninyi pia, nitakuwa mnafiki. Mustikere ile mliletewa kwa ajili ya mtoto. Hapa kando ya ziwa, hasa tangu maji yalipopanda mwaka 2024 yakaingia mitaani Uvira na Baraka na kuacha madimbwi kila mahali, malaria haipumziki. Nimekaa katika vituo vya afya, nimeona akina mama wamebeba watoto wenye homa, nikawauliza mustikere iko wapi. Wengine wananiangalia tu. Tunajua iko wapi. Viganja viwili vya vitoto vya ndakala ni mboga ya siku moja. Malaria ya mtoto inaweza kula kila kitu ulichonacho, na inaweza kumla mtoto mwenyewe. Najua si rahisi kusema hivi kwa mtu ambaye hajala tangu jana. Lakini anayewapenda hawezi kuwaficha.

Na kwa wenyeji wa pwani nina neno pia. Nasikia mnasema vijiweni kwamba wakimbizi ndio waliomaliza samaki. Jamani, tuwe na haya kidogo. Kokoro zilikuwapo kabla ya kambi. Wazee wa Ubwari wamenisimulia jinsi mikeke na sangala walivyoanza kuwa wadogo zamani, kabla mama huyu wa milimani hajawahi kuliona ziwa. Mkimbizi hakuleta kokoro kichwani. Mara nyingi yeye ndiye anayekodiwa kuivuta kamba, na malipo yake ni sahani ya samaki wadogo ambao mwenye kokoro hakuwataka. Tajiri anavuna, mkimbizi anavuta, na lawama inamwangukia anayevuta. Tena nyinyi wenyewe mmewahi kukimbia. Nani katika Fizi na Uvira ambaye hajalala ugenini, Burundi au Tanzania? Kulikuwa na watu waliowafungulia mlango.

Sasa kwa wakubwa wa serikali na kwa mashirika ya misaada, ambao ndio hasa walionifanya niandike. Vita havitoi tarehe. Mafuriko hayatoi tarehe. Lakini kufungwa kwa ziwa kuna tarehe. Tarehe 15 Mei inajulikana mwaka mzima kabla. Ni njaa pekee katika nchi hii inayokuja na kalenda mkononi. Kwa nini basi inatukuta kila mara kama mwizi? Kwa nini msaada wa chakula ufike mwezi wa tatu, halafu ukatike, halafu usikike tena mwezi wa kumi, na katikati pale watu waambiwe wasiguse maji? Ofisi ya samaki na ofisi ya misaada ziko katika mji mmoja. Watu wake wanapishana barabarani. Haiwezekani wakakaa meza moja saa mbili wakalinganisha kalenda zao?

Nchi yetu ina ufuo wa bahari kule Muanda, kama kilomita 40 tu, na ina maziwa makubwa huku mashariki. Pamoja na hayo, katika miji yetu watu wananunua samaki wa baharini walioganda, waliosafiri kutoka nchi za mbali ndani ya katoni. Siwalaumu wanaonunua. Lakini kila katoni ile ni barua inayotuambia kwamba tumeshindwa kutunza nyumba ya samaki wetu. Tukiendelea hivi, mjukuu wa mvuvi wa Mboko atamjua kuhe kwa jina tu.

Mtu anayelalamika lazima aseme anachotaka. Mimi nataka mambo matano.

La kwanza: chakula au makuta ya msaada kwa wakimbizi wa ndani na kwa jamaa maskini za ufuoni yatolewe kabla ya tarehe 15 Mei, na yakadiriwe kufika 15 Agosti. Orodha isomwe hadharani, ili majina ya watu wasiokuwapo yasiingie.

La pili: kukamata kuanzie juu. Kokoro kwanza, katamara za taa za pili, mustikere mwisho. Kila faini iwe na karatasi yenye muhuri, na kila wavu unaokamatwa uchomwe mbele ya watu mchana. Wavu uliokamatwa leo na kuonekana majini kesho haukukamatwa, uliuzwa.

La tatu: mustikere isinyang'anywe, ibadilishwe. Mama akileta iliyochoka na kutoboka, apewe nzima ya kulalia mtoto. Na beseni la mtu lisiguswe kamwe. Beseni halijawahi kuvua samaki.

La nne: wanawake wapewe kazi ambayo haiingii katika chumba cha vitoto. Samaki wangapi wanaoza au wanajaa mchanga ziwa likifunguliwa, mvua zinapoanza? Burundi, wanawake wamezoea kukausha ndagala wao juu ya vichanja vya waya, samaki anakauka upesi, safi, na bei inakuwa nzuri. Miezi mitatu ya kufungwa ingetosha kujenga vichanja kutoka Makobola hadi Kazimia, na wanaojenga walipwe. Mbao zipo, mikono ipo tele kambini.

La tano: pamoja na miezi mitatu, kila kijiji kichague mahali pake pa kuzalia samaki pasipovuliwa mwaka mzima. Wazee wanapajua, kwenye matete na kwenye midomo ya mito. Kamati ya kupalinda iwe na mvuvi, iwe na mwenyeji, na iwe na mama mmoja mkimbizi. Mtu hulinda kile alichohesabiwa kuwa chake. Ukimfanya mgeni wa kufukuzwa, atakula usiku na kuondoka.

Haya si mambo ya mabilioni. Yanahitaji kalenda, muhuri, kiberiti, waya na aibu kidogo.

Na upande wangu nami naahidi, kwa sababu sitaki kuwa mtu wa kunyooshea wengine kidole. Kiangazi kijacho, nikipewa tena tangazo la kufunga ziwa, nitalisoma, ni kazi yangu. Lakini kila Jumamosi, baada ya kulisoma, nitataja hesabu mbili nitakazozikusanya mwenyewe ufuoni. Hesabu ya kwanza: wiki hii zimekamatwa kokoro ngapi. Hesabu ya pili: wiki hii yamechukuliwa mabeseni mangapi. Sitaongeza maneno. Wasikilizaji wana akili, watajua wenyewe ziwa limefungwa kwa nani.

Mama yule sikumwona tena ufuoni. Niliambiwa alikwenda upande wa Lusenda kutafuta kibarua cha shamba, akimbeba mtoto mgongoni na mzigo kichwani, amefunga nguo zake katika kitenge kwa sababu beseni halipo. Kama unanisikia mama, au kama kuna mtu anayekusomea haya kwenye simu, swali lako bado liko kwangu. Nimeliuliza ofisi mbili, na zote mbili ziliniambia nirudi wiki ijayo. Nitarudi.